Pambo katika Programu za Kompyuta

Julai 2021, serikali ilipoanza kutoza tozo katika miamala ya simu, wakala wa fedha wa Makorora, Tanga, hakuhitaji kujifunza njia mpya ya kutuma fedha. Kilichobadilika ni hesabu. Septemba ya mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na hesabu ikabadilika tena. Mwanafunzi wa programu hana budi kujiuliza: mabadiliko ya namna hii yaingizwe wapi?

Mazoea ya wengi ni kuifungua sehemu inayokokotoa ada ya msingi na kuchomeka sharti jipya ndani yake. Kila sheria ikibadilika, sehemu hiyo hupasuliwa upya. Siku moja mkono huteleza, na fedha za mteja hupotea kimyakimya. Wengine huunda jamii mpya ya vitu kwa kila mchanganyiko. Lakini nyongeza nne, ambazo kila moja yaweza kuwapo au kutokuwapo, huzaa michanganyiko 16!

Njia iliyo bora ni ile waliyoieleza Gamma, Helm, Johnson na Vlissides katika kitabu chao cha mwaka 1994, nayo ni pambo. (Jina hupotosha kidogo, kwani pambo hili halirembi, hufanya kazi.) Kitu kinachokokotoa ada huwekwa ndani ya kitu kingine chenye kuitikia mwito uleule. Cha nje kikiulizwa ada ni kiasi gani, hukiuliza cha ndani, hupokea jibu, huongeza tozo, kisha hujibu. Muulizaji hatambui tofauti. Kiwango kikipunguzwa, pambo la tozo hubadilishwa. Tozo ikifutwa, pambo huvuliwa. Ada ya msingi haiguswi. Jambo hili laweza kufundishwa hata katika shule isiyo na kompyuta, kwa bahasha zilizotiwa moja ndani ya nyingine.

Walimu wasikomee hapo, maana mpangilio wa mapambo una uzito. Chukua ada ya shilingi 10,000, kodi ya asilimia 18 na punguzo la shilingi 500. Kodi ikitangulia, mteja hulipa 11,300; punguzo likitangulia, hulipa 11,210. Kompyuta haitalalamikia lolote kati ya hayo. Ni sheria, wala si programu, inayosema lipi ni sahihi. Na mapambo yakizidi mno, hata aliyeyaandika atataabika kujua zile shilingi 90 zimetoka katika pambo lipi.