Tatizo Si Sindano, Ni Mlango

Nilipomwambia mhariri wa jarida letu la Chama cha Kiswahili kwamba ninataka kuandika juu ya wanafunzi kupimwa virusi vya Ukimwi, alinitazama kwa muda kisha akasema, "Sawa, lakini usituletee ile hotuba ya kila mwaka." Nikamwahidi. Hotuba tumezisikia tangu darasa la nne. Tumechora utepe mwekundu kwenye mabango na tumekariri mashairi ya maonyo kwenye tamasha za muziki. Swali ambalo hakuna aliyetujibu ni moja tu: mwanafunzi akitaka kupimwa, aende wapi, saa ngapi, aseme nini akifika, na ni nani atakayejua?

Mimi nilianza kutaka kupimwa nikiwa na miaka 15. Mama yangu mzazi aliaga dunia nikiwa mdogo sana, hata sura yake naijua kwa picha tu. Nyumbani husema "aliugua". Aliugua nini? Hapo wakubwa hutazamana na mazungumzo yakahamia kwenye mahindi. Usinihurumie, ndugu msomaji, kwani hata darasani mwetu siko peke yangu. Basi tulipofundishwa kwamba mama anaweza kumwambukiza mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kumnyonyesha, swali likaniingia kichwani na likakataa kutoka. Nilikuwa sijawahi kuwa mgonjwa wa kulazwa. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba wapo watoto waliozaliwa na virusi wakafika umri wetu bila mtu kujua. Mafua yakinipata siku mbili, nahesabu. Nikipungua uzito wakati wa mitihani, nahesabu.

Siku moja ya Jumanne walimu walikuwa na mkutano tukaachiliwa saa tisa. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Sisi wa shule ya kutwa hutoka jioni wakati wahudumu wa vituo vingi vya afya wanafunga milango, na Jumamosi tuna masomo ya ziada. Nikaenda na sare yangu, kwa maana sikuwa na wakati wa kupitia nyumbani.

Benchi lilikuwa limejaa akina mama na watoto wao. Mmoja nilimjua, huuza sukuma wiki karibu na stendi ya matatu na ni rafiki wa nyanya yangu. Karani wa dirishani akaniuliza kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, "Unataka nini, msichana?" Nikanong'ona. "Sema!" Nikasema. Benchi zima likanyamaza, hata mtoto aliyekuwa akilia nadhani alinyamaza.

"Uko na miaka mingapi?"

"Kumi na mitano."

"Enda ukuje na mzazi."

Ni hayo tu. Sikutukanwa. Karani yule pengine alikuwa amechoka, na nina hakika alidhani anafuata sheria. Lakini kabla ya saa kumi na mbili jioni nyanya alikuwa ameshaambiwa kwamba nina mimba. Msichana mwenye sare akionekana kituo cha afya katikati ya wiki, watu wa mtaa wetu hawana habari nyingine ya kumfikiria. Mvulana naye husemwa ana ugonjwa wa zinaa. Kichwa kinachouma hakipo katika orodha yao.

Sasa niseme jambo ambalo sikulijua siku ile, na ambalo naona halijulikani na wengi. Sheria ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inataka mtoto apimwe kwa idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Lakini sheria hiyohiyo inasema mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi tayari, au aliye katika hali ya kumweka hatarini, anaweza kutoa idhini mwenyewe. Tena miongozo ya Wizara ya Afya, tangu 2015, inamkubali kijana wa miaka 15 na zaidi ajitolee idhini yake. Kwa hivyo siku ile nilikuwa na haki ya kupimwa, na nikarudishwa. Je, ni wangapi hurudishwa na wasirudi tena? Mimi mwenyewe nilikaa miezi mitano.

Aliyeniokoa ni mama mdogo, ambaye ndiye anayenilea. Ule uvumi wa mimba ulipomfikia hakunigombeza. Alingoja nyanya alale, akaketi kitandani kwangu akaniuliza ukweli. Nikamwambia. "Mbona hukuniambia?" akauliza. Nikamjibu, "Ningeanzaje?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema hata yeye hakujua angeanzaje. Mwalimu wetu mmoja hupenda kutukumbusha methali ya mficha maradhi. Methali ni nzuri, ila mimi naona mficha maradhi mara nyingi hujifunza kuficha kwa waliomzunguka.

Tulienda Jumamosi, mahali pengine, safari ya matatu mbili, na masomo ya ziada nikayakosa. Mlango haukuandikwa neno lolote la kutisha, ni "Chumba 4" basi. Waliokuwa wakingoja walikuja kwa kikohozi, kwa kupimwa presha, kwa dawa ya jicho. Nani angejua langu? Sista alitusalimu, akamwomba mama mdogo angoje nje kidogo, kisha akaniuliza mambo mawili kabla ya kugusa kitu chochote. La kwanza, kama nimekuja kwa hiari yangu au nimeletwa. La pili, majibu yakitoka ninataka nani awepo. Nilikuwa sijawahi kuulizwa swali kama hilo na mtu mzima. Nikasema mama mdogo.

Baadaye akanieleza kila hatua kabla ya kuifanya. Atasafisha kidole kwa pamba yenye spiriti. Atakidunga kwa kisindano kidogo, nitasikia kama nimechomwa na mwiba. Atachukua tone moja la damu aliweke kwenye kidude cha plastiki, aongeze matone ya maji maalumu, tungoje. Mstari mmoja wa juu huonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi. Ukitokea wa pili, bado haambii mtu ana virusi, kwa sababu ni lazima apime tena kwa kipimo cha aina nyingine. Jamani, habari hiyo pekee ilinipunguzia nusu ya hofu! Mimi nilikuwa nimeamini kwamba mtu huambiwa mara moja, kama hukumu ya mahakamani.

Dakika zile za kungoja, ambazo ni kama 15 au 20, ndizo ndefu kuliko karatasi ya Hisabati. Sista hakuniacha nikitazama kile kidude. Alikifunika kwa karatasi, akaniuliza tunasoma riwaya gani mwaka huu, nikamsimulia, naye akabishana nami juu ya mhusika mkuu. Alinieleza pia kwamba kama mtu aliambukizwa majuma machache yaliyopita kipimo kinaweza kisione bado, ndiyo maana wengine huambiwa warudi baada ya miezi mitatu. Na akaniambia kwamba akipatikana na virusi leo, dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali, na anayezimeza vizuri virusi vyake hupungua hadi visionekane kwenye kipimo, na hapo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kisha mama mdogo akaitwa.

Majibu yangu sitayaandika hapa. Najua kuna wasomaji ambao wameruka aya zote wakiyatafuta. Poleni. Ni yangu, mama mdogo anayajua, na amesoma makala haya kabla sijampa mhariri.

Kuna wanaosema dawa ya aibu hii ni kupima shule nzima siku moja, ili asiwepo wa kunyoshewa kidole. Nimesikia hata mzazi mmoja akilipendekeza kwenye mkutano wa wazazi, na watu wakapiga makofi. La hasha! Sheria ile ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate nafasi ya masomo. Na tuiache sheria kando: katika wanafunzi mia nne waliopangwa mstari, mmoja akipewa majibu mazito saa nne, saa nne na nusu anatakiwa kwenye maabara ya Kemia, amezungukwa na wenzake wanaomtazama macho kujua kama amelia. Huko si kumsaidia.

Tena hofu ya majina haikutoka hewani. Mwezi wa Januari 2004, makao ya watoto ya Nyumbani, kule Karen, Nairobi, yalilazimika kwenda mahakamani kwa sababu watoto wao wenye virusi walikuwa wakinyimwa nafasi katika shule za msingi za serikali. Kesi iliisha kwa makubaliano kwamba wapokelewe. Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye habari za wanafunzi wote wenye virusi pamoja na walezi wao. Nia inasemekana ilikuwa kupanga huduma. Lakini fikiria wewe, jina lako, la shule yako na la mlezi wako kwenye karatasi moja ofisini, na karani anayeisoma ni jirani yenu! Shirika la KELIN na wenzake walienda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 mahakama ikaamua kwamba agizo lile lilivunja haki zilizo katika Katiba, ikiwemo ya faragha, na kwamba majina yaliyokwisha kukusanywa yafichwe yasihusishwe na hali ya mtu. Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi wakati ule. Ningependa kisa hiki kifundishwe pamoja na ule utepe mwekundu.

Wengine wananiambia siku hizi kuna kipimo cha mate, mtu ajipime mwenyewe chumbani. Ni kweli, Kenya imekuwa na vipimo vya kujipima tangu 2017, na kwa mtu mzima nadhani ni jambo zuri. Kwa sisi nina shaka. Ukiona mistari miwili uko peke yako chooni usiku, na asubuhi una jaribio la Fizikia, utamwuliza nani? Na hata hivyo ni lazima uende kituoni kuthibitisha, yaani unarudi kwenye benchi lilelile na karani yuleyule.

Kuhusu wazazi sitaki nieleweke vibaya. Sisemi wafichwe. Nilifurahi kwamba mama mdogo alikuwepo, na sidhani ningestahimili zile dakika za mwisho bila yeye. Ninachosema ni kwamba aliingia kwa sababu nilimchagua. Wako wenzetu ambao mzazi wenyewe ndiye wanayemwogopa, na wako ambao hawana. Kwa walio chini ya miaka 15 mlezi atahitajika, sawa, lakini hata mtoto wa miaka 12 anaweza kuelezwa anapimwa nini. Nimemsikia jirani akijigamba kwamba alimdanganya mwanawe anapimwa malaria. Mtoto huyo akijua, atamwamini daktari gani tena?

Sasa nakuja kwetu. Mwaka jana Siku ya Afya ilikuwa shuleni mwetu, na wageni walifanya kazi yao vizuri. Kosa lilikuwa hema. Liliwekwa uwanja wa gwaride, mbele ya madirisha ya Kidato cha Pili, na vijana wa Kidato cha Pili hawakuwa na somo saa ile. Wakaanza kuhesabu dakika. Aliyetoka upesi alipigiwa makofi, aliyekaa zaidi ya dakika kumi alizomewa, "Ako nayo!" Msichana mmoja alikaa karibu nusu saa. Baadaye nilikuja kujua kutoka kwake mwenyewe, na amenipa ruhusa niandike, kwamba hakupimwa virusi kabisa. Alikuwa akiuliza juu ya maumivu ya hedhi. Muhula mzima hakuna aliyekula naye sahani moja. Na hao ni watu wanaojua vizuri sana kwamba virusi haviambukizwi kwa sahani, waliandika hivyo kwenye mtihani na wakapata alama!

Siku ya Afya inakuja tena muhula ujao. Nimeenda kumwona mwalimu wa Chama cha Afya. Nilimwomba hema lihamishwe. Amekubali litakuwa nyuma ya maktaba, ambako hakuna dirisha. Nikamwomba pia kila anayeingia akae ndani dakika 20, awe amekuja kwa macho, meno au kwa jambo lingine lolote, ili wanaopenda kuhesabu wachoke. Na nikamwuliza kama wageni wanaweza kupanga Jumamosi moja ya masomo ya ziada iwe ya wanaotaka kurudi na maswali, na kama watakaohitaji kliniki wanaweza kupewa tarehe za likizo badala ya kuomba ruhusa kila mara mbele ya darasa. Aliyaandika yote kwenye daftari lake. La hema amelijibu. Hayo mengine bado namngoja.