Sanduku Karibu, Daftari Wazi



Wengi katika darasa letu la mwisho wanasema: « Feza ya Leta ikikaa kwetu, pasipo kupita Kinshasa, wizi utakwisha. » Mimi ninakubali nusu tu.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 175, inasema kila provensi ibaki na asilimia 40 ya mapato ya Leta yanayotoka kwake. Sheria ya mwaka 2008 inataka sehemu ya ile feza ishuke tena mpaka kwenye komini, sekta na sheferi. Ni maneno mazuri. Lakini feza ikisogea karibu, mwizi naye anasogea. Mtoza kodi ya soko akipokea bila kuandika, hata akiwa mtoto wa kwetu, sanduku limetoboka.

Tuangalie Uganda. Kati ya 1991 na 1995, serikali ilituma feza ya shule za msingi kwa kupitia wilaya. Daftari za Kampala zilionyesha kwamba feza imetoka. Watu walipokwenda kuuliza katika shule 250, walikuta katika kila shilingi 100 ni kama 13 tu zilizofika. Nyingi hazikupotea Kampala. Zilipotea wilayani, karibu na wenyewe!

Kisha serikali ikaanza kutangaza katika magazeti feza iliyotumwa kila wilaya, na shule zikabandika hesabu ukutani. Mwaka 2001, zaidi ya 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika. Magazeti hayakufanya kazi peke yake, lakini mzazi aliyejua hesabu aliweza kuuliza. Asiyejua atauliza nini?

Wengine watasema: « Hesabu ni ya wakubwa, mtoto hapashwi kuuliza. » Sivyo. Anayeshika feza kwa haki, daftari linamlinda yeye wa kwanza juu ya masengenyo.

Basi ninaomba jambo moja. Kila darasa linakusanya feza ya sabuni, ya fagio, ya matanga. Toka mwezi ujao, karatasi moja ibandikwe mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na sahihi mbili. Sisi wasimamizi tutaanza na sanduku letu. Mje musome, tena muulize.

Mtu asiyezoea kutoa hesabu ya franka mia tano hapa, kesho atatoaje hesabu ya sheferi nzima?