Siku Sita Bila Choo

Kama unasoma ukurasa huu huku unakula, weka jarida pembeni umalize kwanza. Mwezi huu hakuna habari za fungate wala za wifi mkorofi. Ni habari ya choo. Cha mwanangu.

Binti yetu ana miaka minne sasa. Mkasa ulianza alipokuwa na miaka miwili na nusu, tukiwa tunamwachisha nepi hapa Dar. Siku moja alipata choo kigumu mno, kikamchana, tukaona damu. Tangu hapo akaamua, kwa akili yake ya kitoto, kwamba hataki tena. Haja ikimjia anakimbilia nyuma ya pazia, anabana miguu, anasimama kwa ncha za vidole, jasho linamtoka. Sisi tunamshangilia, "Sukuma mama, sukuma!" Kumbe hasukumi. Anazuia.

Ikawa siku nne bila choo, tano, sita. Halafu akaanza kuchafua chupi. Majimaji, mara tatu kwa siku. Tukasema anahara, tena afadhali, angalau kinatoka. Chekechea wakalalamika. Jumamosi moja tumeshavaa kwenda harusini, akachafua gauni jipya, nikamchapa. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara mbili. Sasa naiacha.

Ndani ya nyumba ikawa moto. Mume wangu anataka hospitali, mimi sitaki "kumjaza mtoto kemikali". Hapo unaweza kucheka kidogo, maana yeye ndiye mtoto wa Wete aliyekulia papai na kisamvu, na mimi ndiye wa ghorofani niliyesoma makala mbili tatu nikajiona bingwa wa tiba za asili. Nilinunua pumba za ngano na mbegu za chia, bei yake kuku mzima, nikamkorogea kwenye uji. Maji ya kunywa sikumwongezea hata tone, na vitu vya namna hiyo bila maji vinazidi kukaza. Jirani naye akaniletea mafuta ya nyonyo, "ya asili kabisa, shoga". Usiku ule mtoto alijikunja kwa msokoto wa tumbo mpaka alfajiri. Mume wangu hakunisemesha siku mbili, na jamani, alikuwa na haki.

Desemba tukaenda kwao, Pemba. Meli mpaka Mkoani, kisha gari kupitia Chake Chake hadi Wete, msimu wa karafuu, zimeanikwa kwenye majamvi kila uwanja, harufu inaganda mpaka kwenye nguo. Mama mkwe akampakata mjukuu wake, akampapasa tumbo, akauliza swali moja tu.

"Anakula nini huyu?"

Nikataja. Maziwa asubuhi, maziwa saa nne, maziwa akirudi chekechea, chupa ya kulalia. Mkate mweupe. Wali. Chipsi siku za Ijumaa.

"Na maji?"

"Anapenda juisi ya boksi, mama."

"Lo," akasema. Basi. Wakwe wengine wangetoa hotuba.

Chupa ilipotea siku ile ile na hatukuiona tena. Maziwa yakabaki kikombe kimoja, tena baada ya chakula. Madaktari wa watoto nao wanatuonya: mtoto wa umri ule akizidisha kama nusu lita ya maziwa ya ng'ombe kwa siku, anashiba bila kula, choo kinaweza kukauka, na madini ya chuma mwilini yanapungua. Asubuhi akawa anapewa papai lililoiva hasa, la kuliwa kwa kijiko. Mchana, badala ya wali mtupu, mseto: mchele na choroko zenye maganda yake, vimepikwa kwa tui mpaka vikalainika, na samaki na mchicha pembeni. Jioni viazi vitamu. Maji ya ukwaju yenye sukari kiduchu. Na maji yaliyochemshwa, kikombe kila aliporudi kutoka kucheza uani, atake asitake.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni poti. Kwetu Dar binti yangu alikuwa anapandishwa kwenye choo cha kukaa cha watu wazima, miguu inaning'inia. Jaribu mwenyewe kusukuma huku miguu inaelea hewani! Bibi alinunua poti la plastiki, akaliweka nyuma ya jiko, mtoto anakaa nyayo zimekanyaga chini na magoti yamepanda juu. Kila siku baada ya kifungua kinywa, maana chakula kikishaingia ndipo utumbo mkubwa nao unaanza kusukuma. Dakika tano, na hadithi ya sungura. Kisipotoka kitu: "Haya, inuka mama, tutakuja kesho." Hakuna kufoka, hakuna "sukuma". Mimi nilikuwa nasimama mlangoni nimeuma kanga.

Siku ya sita bado hakuna kitu, ila yale majimaji kwenye chupi. Nikalia. Nilitaka sana papai lishinde, unajua, ili nimwambie mume wangu si nilisema. Aliyenikatiza ni mama mkwe mwenyewe. "Tumbo hili gumu, mwanangu. Papai langu haliliwezi. Mpelekeni."

Njiani mume wangu akasema ni minyoo tu. Wapemba wa rika lake wanaijua minyoo; kisiwa hiki wanafunzi wake wamepewa dawa mashuleni tangu miaka ya 1990, na pale Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kuna Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, Mtaliano mtaalamu wa vimelea, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2000. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa Pemba na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba albendazole peke yake, dozi moja, haiwaondoi vizuri minyoo wa aina ya mjeledi. Kwa hiyo hoja yake haikuwa ya kijinga. Ila choo cha binti yetu kilipopimwa hakikuwa na mnyoo hata mmoja, wala yai lake.

Daktari, kijana mdogo tu, akaushika mkono wangu akauweka kwenye tumbo la mwanangu, chini kushoto. Nikagusa kitu kigumu kama kokwa la embe. "Hiki ndicho kimeziba," akasema. "Yale majimaji si kuhara, yanapenya pembeni mwa choo kigumu. Utumbo umetanuka, umepoteza hisia. Mtoto hajui kama yanatoka."

Hajui. Nikalikumbuka lile gauni la harusi.

Alimwandikia laktulosi, syrup ya kuvuta maji na kulainisha choo, akatuonya kwamba wazazi wengi wanaiacha choo cha kwanza kikitoka tu, na baada ya wiki mbili wanarudi palepale. Utumbo uliotanuka unahitaji miezi kurudi hali yake. Kuhusu papai na mseto na lile poti hakucheka hata kidogo. Alisema tuendelee hivyo hivyo, kwa sababu kizuizi kikishaondoka, chakula ndicho kitakachozuia kisijirudie.

Kwetu ilichukua miezi mitano. Usisubiri kama mimi, hasa ukiona mtoto anatapika matapishi ya kijani, tumbo limevimba na kukaza, ana homa, hakui, anatoa damu mara kwa mara, au shida ilianza tangu siku zake za kwanza duniani. Na wanaokushauri asali: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, inaweza kumletea sumu mbaya mwilini.

Usiku wa siku ile ya hospitali nilimwomba binti yangu msamaha kwa kumchapa. Akaniuliza kama bado lile gauni ni lake. Mume wangu alikuwa amelala upande wa pili, nikadhani amesinzia, mpaka mkono wake ulipokuja kunishika bega.

Siku hizi tunanunua papai sokoni kila Jumamosi, na choroko sikobowi tena. Poti limestaafu, kuna kigoda mbele ya choo. Tatizo lililobaki ni simu. Kila akimaliza lazima Bibi wa Wete apigiwe na kupewa taarifa kamili, kubwa au dogo, gumu au laini. Juzi tulikuwa na wageni sebuleni, bosi wa mume wangu na mkewe, akatoka mbio chooni na simu sikioni anapiga kelele, "Bibi, leo viwili!" Na kule Wete, kwa sauti iliyosikika sebule nzima, vigelegele.