Hatari ya ‘katikati’ ndiyo huua: Funzo kwa vijana kutoka milima ya theluji

KILA msimu wa baridi, maporomoko ya theluji huua watu barani Ulaya, kwa wastani karibu 100 kwa mwaka. Wengi wao si watu waliopotea njia. Ni watelezaji wenye ujuzi, waliotoka nje ya maeneo yanayolindwa kwa hiari yao, wakitafuta theluji ambayo haijakanyagwa.

Je, hawakuonywa? Walionywa. Wakati wa baridi, vituo vya utabiri Ulaya na Amerika Kaskazini hutoa ripoti yenye kiwango cha hatari, kuanzia 1 hadi 5. Lakini siku ya 5 si ndiyo huua wengi, maana siku hiyo barabara hufungwa na watu hukaa ndani. Nchini Uswisi, vifo vingi hutokea siku ya 3. Mtu akiona 3 juu ya 5 anajiambia, “Aah, iko katikati, tutapita tu.” Kumbe 3 inamaanisha kwamba uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kuporomosha mteremko.

Inakuwaje? Theluji hujipanga kwa tabaka. Ile ya mwanzo wa msimu, baridi ikiwa kali kwa siku nyingi, hugeuka chembe zisizoshikana, kama sukari. Dhoruba ikija, huitandika tabaka zito na gumu juu yake. Mteremko ukiwa na mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, basi mtego umekamilika. Kwa macho ni mlima mweupe, mtulivu, mzuri wa picha. Katika ajali 9 kati ya 10 zinazoua watu milimani, anayeufyatua mtego ni mwathiriwa mwenyewe au mwenzake.

Ukifunikwa, saa inakimbia. Waliochimbuliwa ndani ya dakika 10 wengi hupona. Baada ya nusu saa matumaini hupungua sana. Ndiyo maana kila mtu hubeba kifaa cha kurusha mawimbi, fimbo ndefu ya kutafutia na sepetu. Helikopta haitafika kwa wakati. Mwokozi wako ni rafiki uliyeenda naye.

Lakini rafiki huyo huyo anaweza kukuponza. Mnamo Februari 19, 2012, watu 16 walipanda mlima kando ya Stevens Pass, jimbo la Washington, Marekani, ili kuteremka bonde la Tunnel Creek. Miongoni mwao walikuwamo wataalamu na watu walioujua mlima huo vizuri. Theluji nyingi ilikuwa imeanguka na utabiri ulikuwa umeonya. Watatu walifariki. Baadhi ya walionusurika walisema baadaye kwamba walikuwa na wasiwasi, ila hawakusema. Kila mmoja aliangalia umati na kudhani kwamba wenzake wanajua zaidi.

Hapo ndipo habari hii inatuhusu hata sisi tusio na theluji ya kuteleza. Desemba 2021, basi lililobeba watu waliokuwa wakienda harusini liliingia mto Enziu uliofurika, kaunti ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa maji. Mto ule haukujificha. Watu walikuwa kwenye kingo wakiutazama.

Tatizo basi si ukosefu wa habari pekee. Onyo bila mtu wa kulisema kwa sauti ndani ya kundi ni karatasi tu. Waelekezi wazuri wa milimani wana kanuni rahisi: kila mwanakundi, hata aliye mgeni kabisa, ana haki ya kusema “turudi”, na akisema, wote hurudi bila kumcheka.

Kanuni hiyo haihitaji vifaa wala mafunzo. Wewe kijana, ukiwa ndani ya matatu inayokaribia daraja lililofunikwa na maji, au na mabeste wanaotaka kuvuka mto, sema. Utaitwa mwoga kwa siku moja. Mlima utakuwepo kesho, na mto utapungua.