Umesoma CV Yangu Kweli?

Mwezi huu wanaotafuta kazi naomba mkae pembeni kidogo, niongee na wale wanaowatafuta. Ndiyo, nyie wa HR na mawakala wa ajira. Wala sisemi kama mtu wa nje, maana na mimi naishi kwa kuwatafutia makampuni wafanyakazi.

Tuanze na meseji. "Habari, tuna nafasi nzuri inayokufaa sana. Tuma CV haraka." Jina la mtumaji hakuna, kampuni haitajwi, kazi yenyewe haijulikani, mshahara ndio kabisa! Katika nchi ambayo watu wameshazoea kuletewa ile ya "hiyo hela tuma kwenye namba hii", mnategemea nini? Mwenye kazi yake nzuri anaifuta chai haijapoa. Halafu bosi wako analalamika eti soko halina watu.

Wengine wanadhani ukaribu ni kumwita mtu "mpendwa". Siyo. Ukaribu ni kumwonyesha kuwa ulikaa ukasoma alichofanya.

Shoga yangu mmoja, mhasibu hapa Dar, alipigiwa na watu wawili ndani ya mwezi mmoja. Wa kwanza alipiga saa nne asubuhi, bosi wake yuko meza ya pili, akamuuliza bila hata hodi: "Umeolewa? Mtoto mwingine lini?" Jamani! Huo ni umbea. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na hata anayeomba kazi analindwa.

Wa pili alitaja jina lake na kampuni yake, akasema namba kapewa na nani, kisha akauliza: "Dada, unaweza kuongea sasa au nipige jioni?" Jioni akaja na hoja: "Nimeona ulihamisha hesabu za matawi manne kutoka kwenye makaratasi kwenda kwenye kompyuta. Tuna kazi kama hiyo Mwanza." Akataja mshahara, kuanzia ngapi mpaka ngapi. Akasema wazi kwamba nyumba haimo. Mwisho akamwambia: "Kaa na shemeji mzungumze, nitapiga Alhamisi."

Hapo kwa shemeji ndipo wengi wetu tunapochemsha. Mtu mwenye familia hahami peke yake. Kutoka Dar kwenda Mwanza maana yake mume aombe uhamisho au abaki, ada ya shule imeshalipwa, bibi aliyezoea kulea mjukuu aambiwe nini? Na wachumba ndio usiseme, kikao cha harusi kimeshakaa mara mbili! Nimeona nyumba ikiingia baridi miezi kwa sababu mmoja alibanwa ajibu leo leo, mwenzie akaja kuambiwa mambo yameshaiva. Kwa ofisi nako siyo faida. "Ndiyo" ya kubanwa huwa inageuka siku ya kuripoti, na wewe unaanza kutafuta upya.

Shoga yangu Alhamisi alikataa. Mume wake alikuwa ndiyo kwanza amefungua duka. Lakini alimpa yule kaka jina la mwenzie waliyesoma naye, baada ya kumuuliza kwanza mwenyewe, na huyo ndiye yuko Mwanza sasa. Yule wa umbea hakupewa hata salamu.

Hilo la kuuliza kwanza lizingatieni. CV za watu zinazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp kama kadi za mchango. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na bosi wa huyo mtu anaweza kuwa humo humo kwenye kundi.

Bado wale mliowasaili mkawaacha. Mtu kaomba ruhusa kazini, kapiga pasi shati, kasubiri ukumbini saa mbili, halafu kimya mpaka leo! Nyumbani kila jioni anaulizwa, "Wamekupigia?" Andika tu: "Kaka, nafasi ile tumempa mwenye uzoefu wa bima. Maelezo yako kuhusu mikopo yalitupendeza, ikitokea ya benki nitakutafuta." Weka jina lako chini. Na ikitokea ya benki, mtafute kweli.