Ilani ya Walinzi wa Mgunga, Turkana

Sisi wa kingo za mito ya Turkwel na Kerio, wachungaji, walimu, wasusi wa vikapu vya mkoma na wachoma mkaa wa jana, tumeketi chini ya mti kama wazee walivyozoea kuketi, tukakubaliana.

Anayesema Turkana ni tupu alikuja kiangazi akaondoka kabla ya mvua. Akiporo, msimu wetu wa mvua, ikifika, mbegu zilizolala mchangani huamka kwa siku chache. Mbigili hutandaza maua ya manjano, kisha miiba yake hututobolea ndara (tumeisamehe). Waridi la jangwani huchanua hata bila jani.

Na mgunga, ewoi wetu, hudondosha maganda wakati nyasi zimekwisha. Mbuzi huyala, mbegu ngumu hupita tumboni salama, nazo huota kwenye samadi ya boma lililohamwa. Watafiti waliliandika jambo hilo kuhusu Turkana Kusini mwaka 1995. Bibi zetu hawakungoja kuandikiwa. Basi mpanzi wetu mkuu ni mbuzi, yule yule anayelaumiwa kila semina kwamba ndiye aliyeleta jangwa.

Mathenge, mti mgeni, ililetwa kutoka Amerika ili ituokoe na jangwa hilo. Iliota vizuri, na hapo ndipo ilipo shida: imeziba kingo za mito na kusonga miti ya asili. Huko Baringo, wafugaji walimpeleka mahakamani, kama ushahidi, mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda ya mti huo. Anayetaka mkaa aanze na mathenge. Ewoi mbichi asiuguse.

Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Hatuna ugomvi na lengo. Tunakataa miche ihesabiwe siku ya kupigwa picha. Ihesabiwe baada ya kiangazi cha tatu, na mgunga uliojiotea nao uhesabiwe.

Tunadai ekwar, haki ya kila familia juu ya miti yake ya kando ya mto, itambuliwe ardhi inaposajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Bila hiyo, mwenye shoka na lori ndiye mwenye mti.

Mahame, yaani maboma yaliyohamwa, yasichomwe wala kufyekwa mpaka miche ipite kimo cha mbuzi.

Ada hakuna. Anayetaka kujiunga atuonyeshe hame moja analolilinda, tukalikague mvua zikiisha.