Barua Mbili Mpakani

Aghalabu mhitimu wa Kiswahili kutoka Busia au Malaba anayeomba nafasi ya shahada ya uzamili huelekeza macho Nairobi, ilhali Kampala ndiko karibu zaidi. Isitoshe, mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza kanda nzima kuwa eneo moja la elimu ya juu. Je, akipata barua mbili za kukubaliwa, moja ya Nairobi na nyingine ya Makerere, atumie kigezo gani?

Jamaa humhimiza afuate jina la chuo. Jina, hata hivyo, halisomi rasimu ya tasnifu. Anayeisoma ni msimamizi. Anayenuia kutafiti Kiswahili cha wachuuzi na madereva wa malori mpakani hana budi kumtafuta kwanza mtaalamu wa isimujamii, aulize ana wanafunzi wangapi, ndipo alinganishe karo na ufadhili. Kuuliza si ujinga.

Aidha, mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Huko walimu na watafiti wanahitajika. Anayevuka mpaka kwenda kusoma anakifuata Kiswahili kinakokwenda.